Klampu ya meza ya mawese: nilivyoitengeneza mara mbili kwa lori la Mpondwe

Wakuu, kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kunawa mikono.

Nitaeleza. Kwanza salamu kwenu nyote, mafundi na wasio mafundi. Haya yalinipata mimi mwenyewe kati ya Kasese na Mpondwe kule mpakani, miaka ya sitini ikiishia na ya sabini ikianza. Sina cha kuongeza chumvi, na aibu zangu sitazificha.

Jina langu Baluku, kijana wa Rukoki wakati huo. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufungua malori mabovu pale njia panda ya Kikorongo, nione kila chuma kinashika nini, halafu nirudishe. Nikimaliza na kubaki na kipande mkononi, usingizi haukuja.

Ndivyo nilivyokuwa. Kitu kikipinda kidogo tu nilikitupa na kuanza upya. 

Hajji, tajiri wa malori pale Kasese, alinipa kona kwenye gereji yake kwa majaribio. Baba naye alishasema wazi: msimu wa kupanda pamba ukifika kabla Hajji hajaniajiri, narudi Rukoki kushika jembe.

Sasa, lori moja la Hajji lilikuwa linakodiwa na Mama Kavira, mfanyabiashara kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka. Alipakia mapipa ya mawese Mpondwe na kuyauza njiani mpaka Kasese. Ubavuni mwa lori, kwenye bomba la fremu, kulikuwa na meza ya bati ya kupimia mafuta. Imefungwa kwa boliti. Kila kituo spana, kila kituo turniboi, msaidizi wa dereva, anatukana.

Kero kubwa ilikuwa forodhani. Malori yanasubiri kwenye foleni, na Mama Kavira hakukubali foleni ipite bure, alikuwa anawauzia wapagazi na madereva hapo hapo. Geti likifunguliwa, lori linatakiwa kuondoka mara moja. Meza imechomoza nje, haipiti.

Hajji akaniita.

"Baluku, tengeneza kitu mama anafunga mwenyewe, anafungua mwenyewe. Spana hapana. Ikiweza, wewe iko fundi yangu. Ikishindwa, salimia baba."

Kile ambacho vijana wa leo mnaita quick-release, yaani cha kufunguka haraka, mimi sikuwa na jina lake. Nilichofanya: taya mbili za chuma zinazokumbatia bomba, na mkono mfupi wa kukazia. Mkono ukishavuka katikati, uzito wa meza wenyewe unazidi kuukaza, kwa hiyo mtikisiko wa barabara hauwezi kuufungua. Wazo nililitoa kwenye komeo la mlango wa nyuma wa lori.

Nikatengeneza klampu mbili za namna hiyo, nikazipiga tupa mpaka zikang'aa. Na kila nilipotaka kuzijaribu, nilinawa kwa sabuni kwanza, nisiziache na alama za vidole. Zilifunguka kwa vidole viwili. Hajji akajaribu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Tukaenda Mpondwe.

Geti likafunguliwa. Mwanajeshi wa pale akapiga bati kwa kiganja. "Wewe mama, toa hii meza. Maramoja."

Mama Kavira akashika mkono wa klampu. Ukateleza. Akajaribu kwa kitenge, kitenge nacho kimelowa mafuta.

"Baluku, hii kitu yako iko muzuri sana ya kuangalia," akasema. "Lakini mukono yangu iko na mafuta. Nifungue na meno?"

Dereva wa nyuma akapaza sauti, "Mama, peleka kwa padri aiombee!" Watu wakacheka.

Nikaruka kusaidia. Nilikuwa nimeshashika lile bati lenye mafuta, na vidole vyangu pia vikateleza kwenye klampu. Yule mwanajeshi akachoka kusubiri, akaipiga meza teke kutoka chini. Bati likapasuka na kung'oka, debe la mawese lililokuwa juu yake likamwagika barabarani. Lori likapita na klampu zangu zimeng'ang'ania bomba, zinang'aa.

Wakuu, nilijua nimekwisha.

Kasese, Hajji alitazama bati lililopasuka. "Kesho rudisha boliti."

Mama Kavira akaingilia. "Hajji, acha mutoto amalize. Hii inashika, vraiment, kweli kabisa. Shida iko kwa kufungua. Mafuta yenye ilimwangika iko yangu. Mimi silii, weye unalia ya nini?"

Hajji akacheka bila kutaka. Akanipa muda mpaka safari ya mama inayofuata.

Mama Kavira akaniachia chupa ya mawese kwenye kona yangu. "Fanya kazi na hii," akasema, akaondoka.

Nikafanya kazi nimepaka mawese mpaka viwiko. Mafundi wenzangu wakaniuliza napika nini leo, mwingine akaleta muhogo. Mkono wa klampu nikaurefusha, ncha nikaikunja kama ndoano, nikauzungushia waya na mpira wa tyubu ya baiskeli. Ndani ya taya nikaweka mpira pia.

Ilikuwa mbaya kwa sura. Nakiri nilichukua tupa nipunguze matuta ya waya, nikaona yakiisha hakuna cha kushika. Nikaiweka tupa chini, roho inaniuma.

Safari hiyo ilipofika, Hajji alikuja mwenyewe.

Geti. "Wewe mama, meza."

Mama Kavira alikuwa anabishana bei na mpagazi. Mkono wa kulia unachuruzika mafuta. Akaingiza kiganja kwenye ndoano, akavuta huku, akavuta kule, meza ikawa begani. Bei hakuacha kubishania.

"Rudisha," mwanajeshi akasema.

Mama akarudisha.

"Toa."

Akatoa. "Ndiyo, afande."

Mwanajeshi akafunga na kufungua mwenyewe, akabaki anaangalia mafuta kwenye pindo la mkono wa shati lake. Wapagazi wakatazama chini kuficha kicheko. "Endeni."

Tulipofika Bwera, kituo cha mbele, Hajji akaniita.

"Baluku, lori zangu iko na ngazi, iko na spea tairi, iko na taa, yote imefungwa na boliti. Anza na ngazi."

Hapo nikajua nimepata kazi, Rukoki sirudi kushika jembe.

Nilichojifunza ni kwamba kazi yangu nilikuwa naipima kwa mikono isiyokuwa ya mwenye kuitumia. Mama Kavira alipoteza mafuta yake, na bado akanitetea. Mpaka leo namshukuru, na Hajji pia, aliyekubali kusubiri.

Mafundi mliopo humu, ni nani aliyewapa nafasi ya pili? Semeni hapa chini, nitasoma yote.

Mimi tangu siku ile niliacha kujaribu kazi peke yangu. Kila klampu niliyotengeneza, wa kwanza kuifungua alikuwa mwenye kuitumia, na mimi nilisimama pembeni.