Jina la Baba Katika Kitabu cha Simu

Kitabu kipya cha simu kilipofika Uyole, jina la baba halikuwamo. La fundi mwenzake wa Iringa lilikuwamo, tena kwa herufi nene. Baba alitengeneza mashine za kusaga, na wateja wake, kuanzia Chunya hadi Nyololo, walimpata kwa kitabu hicho. Sasa simu ikawa kimya wiki baada ya wiki. Karakana ilikuwa inakufa, na yeye akiitazama.

Mimi shaka nilizaliwa nayo. Nilisema palepale kwamba ni yule wa Iringa, amemhonga mtu. Baba akanikataza kusema nisichokiona. Basi nikaenda mwenyewe posta, Mbeya mjini.

Karani akanieleza kwamba kabla ya kuchapa kitabu walimpigia kila mwenye simu kuhakikisha jina. Kwetu alipokea mwanamke. Akaulizwa simu ni ya nani, akanyamaza. Akaulizwa tena, akakata. Karani akaona simu imeangukia mikononi mwa watu wengine, akalifuta jina.

Nikajua ni wifi yangu, mke wa kaka. Simu ilifungwa nyumbani kwao, karibu na barabara, kwa kuwa karakanani kulikuwa na kelele za vyuma. Na kwetu Wanyakyusa mke hamtaji baba mkwe kwa jina, wala hakai naye chumba kimoja. Mteja akipiga, alimtaja baba mwenyewe. Wifi aliitikia tu, kisha akaanika kanga uani. Baba akiiona anakuja, naye wifi anatokea mlango wa nyuma. Hawakuwahi kutazamana, na kazi ikaenda.

Nilirudi nimefura. Nikamwuliza wifi kwa nini hakumwita jirani alitaje jina, kama wafanyavyo wanawake wote wa kwetu. Akasema hapakuwa na mtu karibu, akaendelea kuchambua maharage. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea. Mama akaniambia yule binti ana heshima kuliko mimi wa kuzaliwa. Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliniuma.

Posta walikubali kumrudisha baba, ila wangepiga tena kuhakikisha, na mchana nyumbani kwa kaka alikuwapo wifi peke yake. Nilijitolea kushinda pale nikiisubiri hiyo simu. Baba akakataa, hakutaka mkwe alindwe kama mwizi. Akafikiri, kisha akanituma niandikishe karakana kwa jina la ubatizo la kaka.

"Hilo atalitaja," akasema.

Kaka alikuwa akiuza viazi sokoni, nati na bolti hazijui. Nilikwenda shingo upande.

Kitabu kilichofuata kilikuwa na jina la kaka, na simu zikarudi. Siku moja nilikuwa kwao mteja mmoja wa zamani alipopiga kutoka Nyololo. Alikuwa akipaza sauti, kama tulivyofanya sote kwenye simu wakati ule, akimwulizia baba kwa jina lake. Wifi alikuwa amenipa mgongo.

"Hapa hakuna mtu wa jina hilo," akamjibu. "Hapa ni kwa mume wangu."

Nyundo ya baba ilikuwa ikisikika mpaka barabarani.