Almasi kwa Mhunzi

Mwaka wa pili tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa, upande wa Misima, nilikuwa nimechoka mpaka kukasirika nako kukawa kazi. Maji tulichota lambo moja na ng'ombe. Mwanangu wa miezi minane alikuwa anaharisha tangu kiangazi kianze, na mganga wa zahanati alinijibu kwa kifupi: "Dawa ninayo, mama. Maji safi sina."

Kwa hiyo gari la wachimba visima lilipofika kutoka Korogwe, niliwapikia ugali hata siku isiyo zamu yangu.

Chini wakakuta mwamba. Fundi mkuu akafungua sanduku, akatoa kichwa kipya cha keekee, kama bangili nene ya chuma yenye meno. Kwenye meno kulikuwa na chembe za manjano, ndogo kama chumvi.

"Almasi hizo," akasema.

Watu wakacheka. Akatueleza kwamba hazikuchimbwa ardhini, zimetengenezwa kiwandani Ulaya. Wanachukua kaboni, ile nyeusi ya ndani ya kalamu ya risasi, wanaitia mtamboni pamoja na chuma, wanaibana kwa nguvu na kuichoma mpaka chuma kinayeyuka na ile nyeusi inageuka almasi. "Hizi hazivaliwi," akasema. "Kazi yake kusaga mawe na kukata vioo."

Nilimwelewa. Mambo ya kaboni niliyasoma sekondari, kabla sijafukuzwa kwa mimba. Lakini shemeji yangu, kaka wa mume wangu, aliwahi kuwa kibarua kwenye migodi ya Shinyanga, na katika maelezo yote yale alisikia neno moja tu.

Asubuhi ya tatu kichwa hakikuwepo.

Mwenyekiti aliitisha mkutano, kila mtu akaapa. Fundi akasema alikuja nacho kimoja tu, na ofisi haitampa kingine mpaka akirudishe au aandike nani kakichukua. La sivyo, kesho anafungasha.

Nilirudi nyumbani, mume hayupo. Nikambeba mtoto nikaenda moja kwa moja kwa mhunzi. Kwetu chuma kikimshinda mtu hakipelekwi kwingine. Nikawakuta: shemeji anavuta mivukuto, mume ameshika koleo, kichwa cha keekee kinawaka chekundu katikati ya makaa. Walitaka chuma kiyeyuke, mawe yabaki.

"Subiri, mama watoto," mume akasema, anacheka. "Utavaa doti kumi za kanga."

"Shemeji, kule Shinyanga mlikuwa mnachoma almasi?"

"Haya, wanawake waliosoma! Shule yenyewe hukuimaliza."

"Muulize mdogo wako kwa nini sikuimaliza."

Mhunzi akainama, akajifanya anatafuta nyundo.

Walipokitoa na kukiacha kipoe, chembe zilikuwa nyeusi. Shemeji alizikwangua kwa ukucha, zikabaki kidoleni kama masizi. Nilitaka kumweleza kwamba moto wa kiwandani unakwenda na mbano, na moto wa wazi unaziharibu. Nikachoka kabla sijaanza. Nilikifunga kile chuma kwenye ncha ya kanga nikaondoka.

Mume alinifuata mpaka nusu ya njia. "Sema umekiokota."

"Nimekiokota wapi, kimeungua hivi?"

"Utanifungisha mimi? Baba wa mtoto wako?"

Nikaongeza mwendo. Alipoona watu uwanjani akarudi.

Fundi alikigeuzageuza, akakitupa chini. "Hiki kimekufa, dada." Akachukua karatasi na kalamu. "Niambie nani. Ukisema, naomba kingine na gari linabaki. Usiposema, nafungasha."

Mwenyekiti akakohoa. "Mambo ya nyumbani, binti, yana utaratibu wake."

Mtoto mgongoni alikuwa amenichafua tena, maji matupu, yananitiririka mpaka kisiginoni, na sikuwa hata na kata moja ya maji ya kujisafishia.

Nikataja majina. La mume kwanza, kisha la shemeji, yote mawili kamili pamoja na la baba yao. Nikasimama palepale mpaka fundi alipomaliza kuandika, nikamwomba karatasi niisome.