Kosa la Karani Nililobeba Mimi

Juma lililopita nilikuwa kwenye laini ya ruhusa za kusafiri, pale Ruiru. Mbele yangu alisimama mama mchuma kahawa, mgongoni mtoto anayewaka homa. Askari wa kizuizi cha barabarani alikuwa amemrudisha.

"Bwana Karani, uliniandikia Kalimoni. Mimi naenda Thika, hospitali."

Karani hakuitazama karatasi. Alinyoosha tai. "Kalamu yangu haikosei. Wewe ndiye uliyesema Kalimoni."

"Kalimoni nina nani, bwana?"

Laini nzima ikacheka. Karani akavimba shingo, akafunga kopo la muhuri kwa kishindo. "Ofisi imefungwa!"

Saa tatu asubuhi. Nje basi la Thika lilikuwa linanguruma, na mtoto alikuwa ameacha hata kulia.

Nikajipenyeza mpaka mezani. "Mwanangu, kosa ni langu. Mimi mzee ndiye niliyemchanganya huyu, nikamwambia aseme Kalimoni. Tusamehe."

Uongo mtupu, mama yule sikuwa nimemwona maishani. Lakini uso wa karani ulikunjuka. Alituhubiria kirefu juu ya wanawake na vichwa vyao, mimi nikitazama basi, ndipo akafungua kopo na kuandika Thika. Mama alikimbia bila kuaga.

Zamu yangu ilipofika, karani aliniambia kwa upole, akiniita bibi kwa Kikuyu, "Cucu, siku nyingine uwe mwangalifu."

Nitakuwa. Nikirudi kwake nitaingia na kosa langu mkononi, kabla hajaanza kutafuta wa kumpa lake.