Kuachia si Kutoa

Saa mbili na nusu asubuhi niliingia kwa mara ya kwanza katika ofisi ya wakili, hapa Gisenyi, nikiwa mwanagenzi. Wakili mkuu, tuliyemwita Metre kama mawakili wote wa huku, hakunipa kitabu. Aliniketisha karibu na mteja.

"Sikiliza kwanza. Sheria itakungoja."

Mteja alikuwa Mama Dafroza, mjane, mkulima wa viazi huko Bugeshi. Alipokwenda Goma kumuuguza dada yake, alimwachia shemeji yake shamba. Aliporudi, shemeji alikataa kutoka. Mama hakuwa na shamba lingine.

Mahakamani, wakili wa shemeji alisoma maelezo, yaani maneno ya mjane kama yalivyoandikwa. "Amekiri mwenyewe kwamba alimwachia." Mimi niliyekulia Tanzania, moyo ulinishuka: nilizoea kwamba ukimwachia mtu kitu, umekubali kiwe chake. Metre akauliza tu:

"Mama, kuachia ni nini?"

"Bon, Metre, we unaenda soko, unaachia jirani mutoto. Ukirudi, mutoto iko wa nani?"

"Shamba haiko mutoto!" shemeji akafoka.

"Ni kweli. Mutoto analia. Shamba ingekuwa inalia, ungeshairudisha."

Hakimu aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Mama akarudishiwa shamba lake.

Miaka mingi baadaye nilichaguliwa kuwa mbunge. Kwenye kamati, kundi dogo linalochambua muswada kabla ya bunge zima kuupigia kura, niling'ang'ania neno moja la sheria ya ardhi, lile lile la kuachia, mpaka mwenyekiti akachoka.

"Mheshimiwa, tulale hapa kwa neno moja?"

"Kuna mtu atalala nje kwa neno hilo, Mheshimiwa Mwenyekiti."

Alinitazama, kisha akaufungua tena ukurasa.

Sasa nimestaafu. Mjini bado wananiita Mheshimiwa. Mama Dafroza peke yake ndiye anayeniita Metre hadi leo. Msimu uliopita alishuka kwa moto, pikipiki ya abiria, hadi kwangu, amejifunga kitenge cha safari, akielekea hospitali.

"Metre, nakuachia shamba."

"Kwa kulinda au kwa kutoa, Mama?"

"Kwa kulinda! Nitarudi. Usizoee."

Anapona polepole. Viazi nimevivuna na kuviuza, nikatenga mbegu, nikalipa vibarua na gari. Fedha zilizobaki ziko kwenye bahasha yenye jina lake, zinamngoja: faranga elfu sitini na mbili na mia tano.