Miaka Kumi na Moja kwa Jina la Apiyo

Mwezi wa saba, kwenye dirisha la bima la hospitali moja hapa Thika, niliambiwa nimekufa.

"Mama, system inasema mwenye hii card aliaga tarehe tisa Machi," dada wa kaunta akasema. Aliniangalia kama anayetaka kunipa pole.

Nilikuwa nimekuja kulazwa. Uvimbe tumboni, operesheni kesho yake asubuhi, na bima ya kazini ilikuwa imekubali kulipa yote.

Ngoja niwarudishe nyuma.

Naitwa Akello. Kiwandani hakuna aliyejua hilo jina.

Nilitoka Ugenya nikiwa na miaka kumi na saba, sina kitambulisho, na kiwanda cha njugu za makadamia hapa Thika kilikuwa kinaandika watu. Dada yangu Apiyo akanipa chake.

"Beba. Sura ni moja. Ukipata chako utabadilisha."

Yeye alikuwa ameolewa na Opiyo huko nyumbani. Akaenda akasema kitambulisho kimepotea, akapewa kingine. Opiyo hakuambiwa. Mambo ya dada ni ya dada.

Changu nilikipata. Kubadilisha ndiko kulikonishinda. Kila nikikaribia ofisi nawaza, wakijua nilidanganya si nitarudi chumba changu cha kupanga Mugutha bila kazi? Nikasema mwaka ujao.

Mwaka ujao ukawa miaka kumi na moja. Kila mwezi payslip inakatwa bima, inakatwa pensheni, na mimi nachambua makadamia nikijua uzee wangu unajengwa polepole.

Halafu Machi Apiyo akafa. Presha, akiwa shambani.

Nilimlilia dada yangu mpaka sauti ikakauka. Lakini kuomba ruhusa ya mazishi lazima useme nani amekufa. Na Apiyo si ndiye mimi?

"Ni mdogo wangu," nikamwambia Waceke wa HR. "Anaitwa Akello."

Wenzangu wa meza ya kuchambua wakachanga. Nilipokea rambirambi zangu mwenyewe, nikasema asante.

Sasa turudi hospitalini. Nilitoka pale dirishani na mkoba wangu wa nguo, moja kwa moja hadi kiwandani kwa Waceke, nikamweleza yote. Kwanza alifunga mlango.

"Ngai! Apiyo... Akello... hata sijui nikuite nani. Mimi najua umefanya kazi. Lakini kwa karatasi, mwenye hii kazi amekufa. Nikikuweka hata siku moja zaidi, na mimi naenda home."

"Na pensheni yangu?"

Akapiga simu. Alipoikata hakuniangalia.

"Ilishalipwa mwezi uliopita. Kwa mume wa marehemu."

Nikampigia Opiyo nikiwa nimesimama nje ya geti. Nilikuwa nimejipanga kumwambia kila kitu. Hakunipa nafasi.

"Shemeji! Nilikuwa nataka kukupigia. Nilipopeleka cheti cha kifo, watu wa pensheni wakaniambia Apiyo alikuwa na akiba. Miaka kumi na moja! Lazima alikuwa anatuma kwa simu, mimi sijui. Watoto nimewalipia karo yote. Dada yako alitupenda sana."

Alikuwa analia. Nyuma yake nilisikia watoto wa Apiyo wakicheka.

Ningesema nini? Kwamba marehemu hakuacha hata ndururu? Niwatoe wale watoto shule?

"Alikuwa mjanja, shemeji," nikasema, nikakata simu.

Uvimbe bado uko. Niko hapa Mugutha, nafulia watu nguo siku ambazo naweza kuinama. Kitambulisho changu halali ninacho, na hakijawahi kuchangiwa bima wala pensheni, hata shilingi moja.

Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako. Ndugu msomaji, kama unafanya kazi kwa jina la mtu, hata la dada anayekupenda, nenda ofisini kesho ukaseme. Afadhali ufutwe kazi ukiwa bado hai.