Mchicha Ndani ya Kunde

Mwaka ule wa vita vya Maji Maji nilikuwa mke mpya pale Chumbi, na kitu pekee nilichokiita changu kilikuwa tuta la mchicha nyuma ya jiko. Mbegu nilizichanganya na mchanga zisirundikane, nikazimwaga, nikanyunyiza jivu juu. Maji ya kuoshea mchele yote yaliishia pale. Kuku wa jirani nao walikuwa wanaijua mikono yangu.

Mume wangu alipokwenda kunywa ile dawa ya maji alirudi na miiko. Mmoja ulinikera: asile mboga ya majani mpaka vita viishe, la sivyo risasi za Mjerumani hazitageuka maji.

"Utakula nini sasa?" nikamwuliza. "Kitoweo kingine sina."

"Ugali mkavu, mke wangu. Vita si harusi."

Akaula siku mbili. Alfajiri ya kuondoka nilimwona anajifunga shuka, akilikaza tumboni kuzuia njaa, hasira zikanipanda. Nilichuma vichwa vya mchicha, nikavitwanga mpaka vikapotea, nikavizamisha kwenye chungu cha kunde nilizokopa jana yake. Jikoni mlikuwa na giza na moshi. Akala bakuli zima, akaramba vidole.

"Kunde za leo tamu," akasema, akaondoka na mume wa jirani kuelekea milima ya Umatumbi.

Tangu hapo sikukaa. Nilipalilia tuta lisilo na magugu. Nilikwenda mtoni na mtungi, nikarudi nao mtupu. Kila habari ya waliokufa iliyoshuka kutoka milimani niliisikia kama yangu. Siku moja niling'oa mchicha wote kwa mikono miwili, likabaki shina moja lililokwisha kuzaa mbegu kwa sababu liliota pembeni na sikuliona.

Mume wangu akarudi, mzima, hana hata mkwaruzo. Mume wa jirani hakurudi. Kijiji kikaanza kuulizana ni mke wa nani aliyeharibu dawa, na mume wangu akawa anasimulia barazani jinsi alivyoshika miiko yote. Mimi nilikuwa ndani, nimeshika mwiko wa ugali, nimekaza meno.

Askari wa Mjerumani walichoma maghala, njaa ikaingia. Mvua iliponyesha, mbegu za lile shina zikaota zenyewe, tuta zima. Jirani akaja na kikapu. Nilipokuwa namchumia akakaa chini kwenye tope.

"Shoga, ni mimi niliyemuua," akasema. "Alilia njaa, nikampa tonge moja la majani ya kunde. Moja tu."

Nilitaka kumwambia kuhusu lile bakuli. Mume wangu alikuwa barazani, sauti yake inasikika. Nikaogopa aibu yake, nikaogopa kufukuzwa, nikajiogopa mimi mwenyewe.

"Mungu ndiye ajuaye," nikamwambia, nikamjazia kikapu mpaka kikafurika.

Jirani alikufa mwaka uliofuata, hakuolewa tena, na mboga ya majani hakuipika tena baada ya siku ile. Kile kikapu nilikikuta baadaye nyuma ya nyumba yake, mchicha umekaukia humohumo.

Nimezeeka sasa, na kila nikimwaga mbegu namjibu, kwa sauti, hata wajukuu wakicheka: shoga, wangu alikula bakuli zima.