Kamera Yangu na Kamera ya Mwalimu

Kamera yangu ya kwanza niliinunua kwa mfanyakazi mwenzangu aliyehamishiwa Dodoma na hakutaka kusafiri na vitu vingi. Ilikuwa kamera ya kujifunzia, ya plastiki, nyepesi kiasi kwamba nilipoiinua mara ya kwanza nilidhani betri haimo. Juu yake kulikuwa na gurudumu lenye michoro midogo: mlima, ua, uso wa mwanamke, mtu anayekimbia. Ukitaka kupiga mlima unazungusha kwenye mlima, mengine inajiamulia yenyewe. Mimi ni mpima ardhi. Nimezoea vifaa visivyoamua chochote, kwa hiyo mwanzoni sikuiamini.

Nilikuwa naishi Igogo, Mwanza, na mke wangu na watoto wawili. Jumamosi asubuhi nilikuwa naondoka nyumbani kabla hawajaamka, naenda upande wa Butimba, pale ambapo mawe yanashuka mpaka kwenye maji ya ziwa, kupiga picha za ndege. Siku za kazi nilikuwa nasimama katikati ya watu wanaogombea mipaka ya viwanja. Ndege hawakuwa na shida na mtu. Niliyemtaka zaidi alikuwa mdiria, yule mdogo mweusi na mweupe anayesimama hewani juu ya maji, mabawa yakipiga na kichwa kimetulia, halafu anajitupa chini kuchukua dagaa. Kwa miezi mitatu sikumpata. Nilipata maji, nilipata mkia, nilipata mahali alipokuwa.

Mwalimu nilimkuta huko huko. Alikuwa mama wa makamo ya juu, mstaafu, mwenyeji wa Kagera aliyefundisha baiolojia karibu maisha yake yote na kujenga nyumba Butimba. Siku ile alikuwa amekaa juu ya jiwe kwenye kiti kidogo cha kukunja, amevaa kofia ya jua na viatu vya mvua, na mapajani ameshika kamera ambayo mpaka siku ile nilikuwa nimeiona kwa waandishi wa habari tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo ya kwako inapiga picha ngapi ukishikilia kitufe?"

Nilimwambia tatu kwa sekunde, labda nne ikiwa na bahati.

"Huyu ndege anaanguka kwa muda mfupi kuliko huo," alisema. "Unapiga picha moja kabla na moja baada. Usimlaumu ndege."

Tangu siku hiyo tukawa tunakutana. Mimi nilimwita Mwalimu, yeye aliniita bwana mpima. Hatukuwa tunazungumza sana. Alikuwa mtu mkali kidogo, hasa mtu akikanyaga ovyo na kufukuza ndege, na mimi nilikuwa nakanyaga ovyo.

Kamera yake niliichunguza kwa macho kwa wiki kadhaa kabla hajaniruhusu kuishika. Haikuwa na michoro ya milima wala maua. Ilikuwa na vitufe pande zote, na juu yake kioo kidogo kilichoonyesha tarakimu, kama vifaa vyetu vya kupimia. Ilikuwa na nafasi ya kadi mbili, moja ikigoma nyingine inabaki na picha. Mwili wake ulikuwa wa chuma na ulizibwa vizuri. Manyunyu yakianza mimi nilikuwa naificha yangu ndani ya shati, yeye anaendelea. Lenzi yake ilikuwa ndefu, ya zamani, nzito kama tofali. Aliniambia aliinunua pamoja na kamera siku alipopata kiinua mgongo, na kwamba watoto wake walinuna kwa sababu walitarajia angeezeka upya nyumba.

Siku aliponiruhusu kuchungulia ndani yake nililinganisha na yangu. Kwenye yangu, tundu la kuchungulia lilikuwa dogo na la gizagiza. Kwenye yake niliona ng'ambo yote ya ziwa, mtumbwi, mtu ndani ya mtumbwi, na kamba mkononi mwake. Nilimrudishia. Hakuniambia nipige, na mimi sikuomba.

Mwaka wa pili mambo yalianza kubadilika. Mwalimu alianza kulalamika kuhusu lenzi. Picha zake zilikuwa hazitulii. Nilikuwa nimezoea kuona kazi yake kwenye kompyuta yake, manyoya ya ndege unaweza kuyahesabu moja moja. Sasa kulikuwa na ukungu pembeni mwa kila kitu. Aliipeleka lenzi kwa fundi mjini. Fundi akaikagua, akasema nzima. Akaipeleka kwa mwingine. Naye akasema hivyo hivyo.

"Wananidanganya," aliniambia. "Wakiona mama mzee wanadhani hajui anachokisema."

Mimi nilikuwa nimeshaona kitu. Wakati wa kumimina chai kutoka kwenye chupa yake, mkono wa kulia ulikuwa unacheza. Kidogo tu, lakini hata mkono ukiwa umepumzika kwenye paja ulikuwa unacheza. Nilipendekeza atumie stendi ya miguu mitatu. Alisema alishajaribu, ndege anayeruka hamngoji mtu azungushe stendi. Hilo lilikuwa kweli, na nilijua pia kwamba halikuwa jibu.

Wiki iliyofuata alikuja na mpango. Alitaka nipime. Alisema mimi ndiye mtu pekee anayemfahamu ambaye kazi yake ni kupima, na kwamba akiwa na matokeo kwenye karatasi atarudi kwa yule fundi wa kwanza amwoneshe.

"Kamera mbili, watu wawili," alisema. "Jiwe moja, umbali mmoja, saa moja. Kila mtu apige picha kumi kwa kila kamera. Ukipata ukungu kwenye yangu tu, ni lenzi. Sivyo?"

Nilisema ndivyo. Ulikuwa mpango mzuri. Ulikuwa mzuri kiasi kwamba hapakuwa na pa kujificha.

Tulichagua jiwe lililokuwa limesimama ukingoni mwa maji, lenye michirizi myeupe ya kinyesi cha ndege aitwaye mnandi, kwa sababu michirizi inaonyesha haraka kama picha imetikisika. Nilipima hatua thelathini. Kamera zote mbili tuliziweka kwenye kasi moja. Lenzi yangu, ingawa ilikuwa ya plastiki, ilikuwa na kifaa ndani cha kupunguza mtikisiko. Nilikizima ili tuwe sawa, kwa kuwa ya kwake haikuwa nacho. Nilianza mimi na kamera yangu, kisha na ya kwake. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupiga picha na kamera ile, na nilitamani iwe kwa sababu nyingine. Kisha akapiga yeye. Nilitazama ziwa wakati anapiga.

Mwisho, bila kunieleza kwa nini, aliniambia: "Washa hicho kifaa chako nipige tena na ya kwako." Akapiga nyingine kumi.

Nilizitazama jioni ileile nyumbani. Picha zangu zilikuwa safi kwenye kamera zote mbili, na za kamera yake zilikuwa bora zaidi, kama ilivyotakiwa. Picha zake zilikuwa na ukungu kwenye kamera zote mbili. Kwenye kamera nzito ukungu ulikuwa mkubwa. Zile kumi za mwisho, kwenye kamera yangu ya plastiki kifaa kikiwa kimewashwa, saba zilikuwa safi.

Mke wangu aliniuliza mbona nimekodolea macho picha za jiwe. Nilimweleza. Akasema, "Sasa utamwambiaje?"

Nilikaa na matokeo wiki tatu. Jumamosi ya kwanza nilisema kompyuta imegoma. Ya pili nilisema nilikuwa Usagara kwenye kazi ya upimaji, jambo lililokuwa kweli, lakini kazi ile iliisha Alhamisi. Niliwaza pia kubadilisha picha. Ingekuwa rahisi: ningeandika nyuma ya zangu za kamera nzito kwamba ni zake za kamera ndogo, na nyuma ya zake za kamera ndogo kwamba ni zangu za kamera nzito, lenzi ingeonekana mbovu, na yeye angeendelea kugombana na mafundi. Nilifikiria jambo hilo kwa uzito kuliko ninavyopenda kukiri.

Jumamosi ya tatu hakunisalimia. Alisema, "Bwana mpima, nimesahihisha mitihani maisha yangu yote. Mtu anayechelewesha matokeo namjua."

Nilikuwa nazo kwenye bahasha. Nilikuwa nimezisafisha kwenye karatasi na kuandika nyuma ya kila moja kamera ipi na mkono wa nani. Nilimpa. Alivaa miwani ya kusomea, akazipanga juu ya jiwe kwa mafungu matano, akaweka vijiwe juu yake upepo usizichukue. Alizitazama kwanza mbele zote, bila kugeuza hata moja. Kisha akaanza kugeuza. Alisoma nyuma ya kila picha, zote hamsini. Ilichukua muda mrefu. Mdiria alikuja akasimama hewani karibu sana na sisi, hakuna aliyeinua kamera.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu wakati wa chai. Kabla ya kupima."

Aliitikia kwa kichwa. Akakusanya picha, akazirudisha kwenye bahasha kwa mpangilio uleule. Nilidhani atalia au atanifukuza. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliniuliza kama kuna mtu ninayemfahamu hospitalini, nikamwambia yupo shemeji yangu, muuguzi. Jumatano mke wangu na mimi tulimsindikiza. Daktari alimwambia anyooshe mikono, atembee kutoka mlangoni mpaka dirishani, aandike jina lake. Maandishi yake yalianza vizuri na kuishia madogo sana. Daktari alisema ni ugonjwa wa neva, hauponi lakini unaweza kupunguzwa kasi, akampa vidonge vya kumeza kila siku kwa saa maalumu. Wakati tunatoka Mwalimu alisema daktari yule anaeleza vizuri, ila alipaswa kuanza na mpangilio wa dawa badala ya kumalizia nao.

Baada ya mwezi mmoja alinipendekezea tubadilishane. Alisema hivyo wakati anafunga kiti chake, kana kwamba ni jambo dogo.

"Yangu imenishinda uzito. Ya kwako ni nyepesi na ina kile kifaa. Namba zinasema hivyo, umezipima mwenyewe."

Nilikataa. Nilimwambia hazilingani hata kidogo, ni kama kubadilishana baiskeli na gari. Akasema hakuniuliza kama zinalingana. Tulibishana mpaka jua likawa kali, na mwishowe nilikubali kwa sharti kwamba akitaka yake siku yoyote atasema. Aliniangalia kwa namna ambayo nadhani wanafunzi wake waliifahamu.

Nilitarajia kwamba nikiwa na kamera ile nitampata mdiria siku ya kwanza. Picha zangu zilikuwa mbaya kuliko za zamani. Ile ya kujifunzia ilikuwa imenisaidia mambo mengi bila kunieleza. Hii haikusaidia chochote, na kila kosa ililionyesha wazi. Nikiweka fokasi nyuma ya ndege kidogo tu, majani ya nyuma yalitoka safi ajabu na ndege akawa doa. Shingo iliniuma. Ilinichukua miezi mitano na maswali mengi, na Mwalimu alijibu kila swali kwa swali.

Yeye, kwa upande wake, aliacha ndege wanaoruka. Alizungusha lile gurudumu la michoro, akacheka mara ya kwanza alipoona ua. Alianza kupiga vitu visivyoondoka: korongo aliyesimama mguu mmoja, kiota kikubwa cha yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, wanawake wakigeuza dagaa juu ya mchanga, mikono yao tu. Alingoja vidonge vianze kufanya kazi, kama nusu saa, halafu anapiga. Sitasema picha hizo zilikuwa bora kuliko za mwanzo. Hazikuwa. Nyingi zilikuwa za kawaida, na yeye mwenyewe alijua. Lakini alikuja kila Jumamosi, na asipokuja alinitumia ujumbe wa sababu.

Mdiria nilimpata mwaka uliofuata. Picha tisa mfululizo, kutoka hewani mpaka majini na kurudi na samaki. Nilipomwonyesha alizitazama kwa makini, akasema ya sita ndiyo, nyingine nizitunze tu.

Baadaye binti yake aliyeko Bukoba alikuja kumchukua, kwa kuwa kupika na kuoga peke yake kulianza kuwa kazi. Nyumba ya Butimba ikapangishwa. Nilimrudishia kamera yake siku ya kufunga mizigo, akaisukuma tena upande wangu wa meza, akaendelea kukunja mashuka.

Mwaka huu nilipata likizo, nikapanda meli kwenda kumwona. Nilimkuta barazani nyuma ya nyumba, migomba imezunguka, amekonda, anaongea taratibu kuliko zamani, lakini kila neno lilikuwa mahali pake. Mikono yote miwili ilikuwa inacheza sasa. Hapigi tena picha; ile ndogo amempa mjukuu wake wa kike anayesoma sekondari. Aliniambia nimwonyeshe za kwangu za mwaka mzima. Nilikaa karibu naye nikashika kamera ili aone kioo cha nyuma, nikawa nabonyeza kwenda mbele.

"Futa," alisema. Nikafuta.

"Futa. Hii uliharakisha. Futa. Hii acha."

Tuliendelea hivyo mpaka binti yake alipotuita chakula. Nilikuja na picha zaidi ya mia mbili, na nilipopanda meli kurudi Mwanza kadi ilikuwa na ishirini na tatu.